Uhuru Afrika: santuri ya 1960 na mwanamke aliyeandika nota zake

Wadau, leo tuziache kidogo siasa za hapa nyumbani twende New York, Novemba 1960. Kuna santuri moja ambayo kila anayezungumza Kiswahili na kujidai anapenda muziki angepaswa kuwa ameisikia, lakini ukiuliza vijana wa mjini, kumi kwa kumi wanakutolea macho. Inaitwa Uhuru Afrika. Ndiyo, jina lake ni la Kiswahili, na mwanzoni kabisa kuna mtu anaongea Kiswahili. Jina kubwa la santuri hiyo ni la mpiga piano Randy Weston. Mimi nataka zaidi kumzungumzia Melba Liston.

Kabla sijaenda mbali tuelewane kuhusu neno jazz. Kwetu ukisema jazz mtu anakumbuka Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz: magitaa, rumba, jasho. Hii ninayoizungumzia ni jazz ya bendi kubwa ya Kimarekani: safu ya tarumbeta, safu ya trombone, safu ya saksafoni, na nyuma yao piano, besi na ngoma. Watu zaidi ya ishirini hawawezi kukutana tu studio kila mmoja akapuliza anavyojisikia. Lazima awepo mtu aliyekaa chini na karatasi akaamua tarumbeta ya pili ipige nini wakati trombone ya tatu imenyamaza, wapi sauti zisongamane na wapi mmoja aachiwe uwanja. Huyo ndiye mpangaji wa muziki (si mpangaji wa Kariakoo anayekimbia kodi). Wimbo unaweza kuwa wa mwingine, lakini rangi yake inatoka kwa mpangaji.

Melba Liston alizaliwa Kansas City mwaka 1926, akaanza kupuliza trombone akiwa na miaka saba, na katika miaka ya 1940 akaingia kwenye bendi ya Gerald Wilson kule Los Angeles. Hebu fikiria: mwanamke, mweusi, ameshika trombone, Marekani ya miaka ile. Mwaka 1949 alisafiri na Billie Holiday kwenye ziara ya majimbo ya Kusini. Ziara ikaharibika, naye akaachana na muziki, akaenda kufanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya elimu ya Los Angeles. Alipata hata vijisehemu kwenye filamu, ikiwemo The Ten Commandments. Yaani mtu ambaye leo wataalamu wanamhesabu miongoni mwa wapangaji wakubwa wa jazz alikuwa anapanga mafaili.

Aliyemrudisha ni Dizzy Gillespie, mwaka 1956, alipounda bendi kubwa ya kuzunguka nchi za nje kwa gharama za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. (Serikali iliyokuwa inavumilia ubaguzi nyumbani ilituma Weusi nje wakaitangaze nchi. Hilo lina mada yake siku nyingine.) Wanaume kwenye bendi walinung'unika, huyu mama kaja kufanya nini? Wakawekewa nota alizoandika, wakazipiga, na manung'uniko yakaisha.

Weston naye alizaliwa 1926, Brooklyn. Baba yake alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey na alimlea mtoto akijua kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa ng'ambo. Jitu lenyewe lilikuwa na urefu wa zaidi ya futi sita na nusu. Yeye na Liston walianza kufanya kazi pamoja kwenye Little Niles, 1958. Weston alitunga kwenye piano, Liston akaichukua tungo na kuipanua mpaka ikawatosha watu wote hao. Alifanya hivyo tena na tena kwa miaka zaidi ya thelathini. Sasa niambie, hapo mwenye muziki ni nani? Mimi nadhani ni wote wawili, na inaniudhi kwamba mmoja anatajwa kwa herufi kubwa na mwingine kwa herufi ndogo.

Turudi kwenye Kiswahili. Weston alisimulia mwenyewe kwamba aliuliza watu Umoja wa Mataifa ni lugha gani ingeweza kuliwakilisha bara zima, wakamjibu Kiswahili. Langston Hughes, yule mshairi mkubwa wa Harlem, akaandika shairi la uhuru, na aliyelisoma kwa Kiswahili ni Mtanganyika aliyekuwa hapo New York, Tuntemeke Sanga. Wafuatiliaji wa siasa za Tanzania wanalijua jina hilo, maana baadaye alikuwa mbunge.

Kuna utata hapa ambao si vizuri kuuruka. Mababu wa Wamarekani Weusi walio wengi walichukuliwa Afrika ya Magharibi na ya Kati, siyo Bagamoyo wala Mombasa. Kwa damu Kiyoruba au Kikongo vingekuwa karibu zaidi. Lakini Weston hakuwa anatafuta kabila. Alitaka lugha ambayo kabila moja haliwezi kusema ni yake peke yake, na neno uhuru lilikuwa tayari linavuka bahari kutokana na yaliyokuwa yakitokea Kenya na Tanganyika. Miaka sita baadaye, 1966, Maulana Karenga alifuata njia hiyohiyo alipoanzisha Kwanzaa.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mwaka! Nchi 17 za Afrika zilipata uhuru 1960. Mwezi Machi polisi wa makaburu waliua watu 69 Sharpeville. Wakati bendi inaingia studio mwezi Novemba, Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake Leopoldville, akiwa na miezi miwili tu ya kuishi, na Kenyatta alikuwa bado kizuizini Lodwar. Tanganyika ilikuwa na serikali ya madaraka, bendera ikisubiri mwaka uliofuata. Kwa hiyo kuita santuri Uhuru Afrika hakukuwa pambo. Mambo yalikuwa hayajaamuliwa.

Ukiangalia orodha ya waliopiga unaweza kuzimia. Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef na Gigi Gryce upande wa saksafoni na filimbi, Kenny Burrell kwenye gitaa, Ron Carter na George Duvivier kwenye besi. Ngoma ndizo zinanimaliza: Babatunde Olatunji kutoka Nigeria, Candido na Armando Peraza kutoka Cuba, na Max Roach, bingwa wa dramu, amepewa marimba! Kila pwani ambako watumwa walishushwa ina mtu wake pale.

Ina sehemu nne. Uhuru Kwanza inatangulia. African Lady, wimbo wa kuwaenzi wanawake weusi, unaimbwa na Martha Flowers na Brock Peters. Bantu ndiko ngoma zinakoachiwa. Mwisho Kucheza Blues, ambayo Weston alisema ni ya ile sherehe ya dunia nzima siku Afrika yote itakapokuwa huru. Mkisikiliza, tegeni sikio kwenye trombone na saksafoni nzito za chini, zinavyosukumana bila kuzifunika ngoma. Hiyo ndiyo kalamu ya Melba. Mpangaji mwingine angeona ngoma nyingi kiasi hicho akaongeza kelele juu yake. Yeye aliacha nafasi.

Serikali ya makaburu ilielewa ujumbe vizuri kuliko wanunuzi wengi. Mwaka 1964 iliipiga marufuku santuri hii Afrika Kusini.

Liston alifundisha muziki Jamaica katika miaka ya 1970. Mwaka 1985 alipata kiharusi, hakuweza tena kupuliza trombone, akajifunza kupanga muziki kwa kompyuta, na mwaka 1991 akatoka na Weston tena kwenye The Spirits of Our Ancestors. Alifariki 1999, Weston akamfuata 2018. Kama una nusu saa tu usiku wa leo, anza na Bantu, na usiweke sauti chini kwa ajili ya jirani.