Injini ya Mtu Asiyemwaga Oili

Ukiingia duka la spea hapa Nkubu ukaulizia filta ya oili ya Honda CG125 ya zamani, muuzaji atakwambia hamna, wala hamaanishi kwamba imeisha. Injini hiyo haikutengenezewa filta ya karatasi ya kununua na kutupa. Ina vitu viwili. Cha kwanza ni wavu mdogo wa kushika vipande vikubwa. Cha pili ni kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya krenki, upande wa kulia, nyuma ya kifuniko cha klachi. Krenki ikizunguka, kikombe nacho huzunguka, na uchafu ulio mzito kuliko oili hurushwa kwenye kuta zake ukang'ang'ania hapo. Kwa hivyo kubadilisha filta ya pikipiki hii ni kuosha tu.

Pikipiki ndogo nyingi za Honda za enzi hizo zilikuwa na mpango kama huo. Kinachoitofautisha CG ni sababu ya kuzaliwa kwake, na sababu yenyewe ni oili. Kabla yake kulikuwa na CB125, ambayo kemshafti yake ilikaa juu, ikizunguka ndani ya aluminiamu ya kichwa cha injini bila beringi. Oili ikiwa safi, mambo yalikwenda vizuri. Ikichafuka au kupungua, kemshafti ilikula kichwa, na hapo hakuna dawa ila kununua kingine. Wahandisi wa Honda walikwenda kujionea hali katika nchi zinazoendelea, wakakuta pikipiki zimebebeshwa kupita kiasi na oili haibadilishwi kwa wakati. Katikati ya miaka ya 1970 wakaleta CG125. Kemshafti ilishushwa chini karibu na krenki, ikaendeshwa kwa gia badala ya cheni, na valvu zikasukumwa kwa fimbo. Walirudi kwenye ufundi wa kale, tena makusudi.

Kuna anayeweza kuona dharau hapo: Mjapani amekaa mezani akaamua kwamba sisi hatutamwaga oili. Mimi naona heshima ya aina yake. Hawakutuletea semina ya kutufundisha nidhamu. Walikubali kwamba mwenye pikipiki ana karo, ana mbolea, ana mgonjwa nyumbani, na oili inaweza kungoja foleni nyuma ya hayo yote. Basi wakaifundisha injini kuvumilia.

Uvumilivu huo ulipata kazi huku kwetu. Meru, pamoja na Embu na Kisii, ni kati ya sehemu za kwanza Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930. Kahawa ilihitaji mtu wa kuzunguka mashambani kukagua magonjwa na kufundisha kupogoa, na miteremko ya Imenti si ya mchezo. Mzee mmoja jirani yetu, aliyestaafu kazi ya ugani, alizunguka hivyo kwa CG125 aliyoinunua kuukuu miaka ya 1980. Bado anayo. Haamini habari za uvumilivu.

"Kijana wangu," huniambia, "injini haisahau. Inanyamaza tu."

Nimemsaidia kuimwaga mara nyingi. Kwanza anaiwasha dakika chache, maana oili moto hutoka na uchafu wake, baridi huuacha chini. Karai linawekwa, nati ya chini inafunguliwa, na pikipiki inasimamishwa wima mpaka itone tone la mwisho. Wavu unaoshwa kwa petroli na kukaushwa. Kikombe hakifunguliwi kila mara, kwa sababu lazima kifuniko cha kulia kitoke na gasketi ibadilishwe. Kikifunguliwa, ndani unakuta tope jeusi limeganda kama ukoko wa ugali, analikwangua kwa kijiti cha mti asije akakwaruza chuma. Kisha takriban lita moja ya oili mpya. Husoma chupa kwanza akitafuta JASO MA, alama ambayo Wajapani waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu klachi ya pikipiki huogelea katika oili ile ile ya injini, na oili nyingine za magari huifanya iteleze.

Lakini historia haikuishia kwa wazee wa ugani. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi sisi 250, na boda boda, zilizoanza kwa baiskeli huko mpakani Busia, zikajaa kila steji. Nyingi zilitoka China zikiwa na injini iliyonakiliwa kutoka CG hiyo hiyo. Ukisimama hapa steji ukasikiliza ile sauti ya fimbo, unasikia uamuzi wa miaka ya 1970 ukiomba abiria.

Hapa ndipo ule uvumilivu unapogeuka mtego. Vijana wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine. Jioni mwenyewe anataka pesa yake, na habari ya oili kila mmoja anamsukumia mwenzake. Tuchukue sevisi ya kila kilomita 1,500: anayetembea kilomita 100 kwa siku anaifikia kwa siku kumi na tano. Lita mbili kwa mwezi, basi. Injini haipigi kelele leo, kwa hivyo wote wawili wanangoja. Siku ringi zikiisha na moshi ukaanza, mwenye mali anapoteza chuma, lakini kijana ndiye anayekaa nyumbani wiki nzima bila chakula cha watoto.

Na ile oili chafu? Mzee huipaka nguzo za boma kuzuia mchwa, kama wengi wetu. Iliyobaki huiweka kwenye mtungi, haimwagi mtaroni, kwa sababu mitaro yetu huishia kwenye mito inayoshuka Mlima Kenya kwenda Tana, na kuna watu chini wanaochota.

Wahandisi wale walifanya sehemu yao. Waliipa injini subira. Hawakuweza kuandika kwenye chuma nani atalipia ile lita, na hilo ni afadhali liandikwe kwenye karatasi, siku ya kukabidhiana funguo.