Nani Alilipia Picha ya Paa la Obunga?

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, tupitie historia kidogo. Msikimbie, kompyuta zimo ndani!

Fungua Google Earth, tafuta Kisumu, kisha teremka pole pole hadi Obunga. Utaona mapaa ya mabati yamebanana, mengine yameshika kutu, na vichochoro katikati. Anayeijua Obunga atakuonyesha hata pale akina mama wanapokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kwenda ng'ambo. Hulipi hata senti. Kwa hiyo wengi hudhani kampuni fulani tajiri ilituhurumia tu. Sivyo, ndugu zangu. Nyuma ya picha hiyo kuna serikali, na kuna sera.

Tuanze mwaka 1972, Marekani iliporusha setilaiti ya kwanza ya Landsat. Picha yoyote ya kompyuta ni vijiraba vidogo vidogo vinavyoitwa pikseli. Kufikia 1982, kijiraba kimoja cha Landsat kilikuwa na upande wa mita 30. Piga hesabu: 30 mara 30 ni mita za mraba 900. Kwetu Obunga hapo umemeza nyumba kadhaa, choo na kichochoro, vyote vikawa nukta moja ya rangi ya vumbi. Ziwa linaonekana, lakini mtu haonekani.

Mwaka 1984, enzi za Rais Reagan, ikapita sheria ya kukabidhi Landsat kwa watu binafsi. Kampuni ya EOSAT ikapewa kazi, na bei ya picha moja ikafika zaidi ya dola 4,000. Soko lililotarajiwa halikuja. Wanunuzi wengi walikuwa watafiti na idara za serikali, na watafiti wengi walishindwa na bei.

Wakati huo huo washindani wakajitokeza. Ufaransa ilirusha SPOT mwaka 1986, ikiwa na pikseli za mita 10. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, Warusi nao wakaanza kuuza picha zilizokuwa siri za jeshi. Wamarekani wakaona watapitwa. Sheria ya 1992 iliirudisha Landsat mikononi mwa serikali, na ikarahisisha utoaji wa leseni kwa kampuni binafsi za kupiga picha kutoka angani. Machi 1994 Rais Clinton akafungua mlango zaidi: kampuni ziliruhusiwa kuuza picha kali hata nje ya nchi, ila serikali ilibaki na haki ya kuzizuia wakati wa hatari. Septemba 1999 Ikonos ikapaa. Pikseli yake ilikuwa mita 1. Sasa paa la nyumba moja likaonekana!

Hapa ndipo hadithi inaponoga. Kampuni hizo ziliitwa za biashara huria, lakini mteja mkubwa alikuwa nani? Serikali ile ile. Mwaka 2001, vita vya Afghanistan vilipoanza, serikali ya Marekani ilinunua haki zote za picha za Ikonos za eneo hilo. Mwaka 2003 Rais Bush alitoa sera ya kuzitaka idara zake zitegemee picha za kampuni za Marekani kadiri inavyowezekana. Kandarasi za miaka mingi zikafuata. Setilaiti ya GeoEye-1 iliporushwa mwaka 2008, karibu nusu ya gharama ilikuwa imelipwa na idara ya ujasusi wa ramani. Bajeti ilipopunguzwa mwaka 2012, GeoEye ilishindwa kusimama peke yake, na mwanzoni mwa 2013 ikamezwa na DigitalGlobe. Mteja alipokohoa, soko zima lilipata homa.

Sasa turudi ziwani. Wazee wa Kisumu wanakumbuka gugumaji lilivyoziba bandari. Picha za setilaiti zilionyesha kwamba mwaka 1998 lilifunika takriban hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam. Kipimo kama hicho hutaki kipatikane kwa mwenye dola 4,000 peke yake. Mwaka 2008 picha zote za Landsat ziliwekwa bure kwenye intaneti. Leo mwanafunzi wa Kisumu anaweza kuzishusha, akaandika programu fupi na kulifuata gugu hilo mwaka baada ya mwaka.

Lakini ile picha kali ya paa ni jambo jingine. Unaruhusiwa kuitazama, si kuifanyia utakalo. Nilipokuwa chuoni nilianza kuchora ramani ya vioski vya maji vya mtaani kwa kufuata picha hizo, kisha nikasoma masharti ya leseni. Nikaifuta kazi ya wiki mbili. Ilinibidi kuzunguka kwa miguu na kifaa cha GPS.

Kenya nayo imeanza safari. Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka 2017, na Taifa-1 ikarushwa Aprili 2023 kwa takriban shilingi milioni 50. Tulipiga makofi, na tulistahili. Ila historia hii inatufundisha kwamba setilaiti ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni sera: serikali inunue picha kwa uhakika ili wabunifu wetu waishi, na kila picha iliyolipiwa na kodi ya mwananchi iwe wazi kwa mwananchi.

Mama wa mgongo wazi hana hatimiliki. Siku tingatinga likija, picha yenye tarehe inaweza kuwa ushahidi pekee kwamba kibanda chake kilikuwepo. Asiambiwe aombe ruhusa ng'ambo ndipo aitumie.