Hakuna Matata Katika Miaka ya Matata

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inaufaa sana wimbo mmoja ambao hupigwa mara nyingi katika harusi za kwetu Bwera na Kasese wageni wanapoingia. Ni wimbo wa kumsalimu mgeni, kumuuliza habari, kumkaribisha na kumhakikishia kwamba hakuna matata. Vijana wengi wa rika langu huudhani kuwa wimbo wa watalii usio na mwenyewe. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba wimbo huo una mwenyewe na una mwaka wake. Mambo hayo mawili, jina na mwaka, yanatufundisha historia ambayo mchezaji hawezi kuisikia akiwa uwanjani.

Wimbo wenyewe ni Jambo Bwana. Mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, bendi ya pwani ya Kenya iliyokuwa ikipiga muziki katika hoteli za ufuoni Mombasa. Wageni wa hoteli hizo walitoka nchi nyingi za Ulaya, na Wajerumani walikuwa wengi miongoni mwao. Kalanda aliyachukua maneno ambayo mtalii huyasikia siku yake ya kwanza akayatia katika muziki mwepesi, ili mgeni aweze kuimba pamoja na bendi kabla hajajua sarufi yoyote. Santuri yake ilitoka mwaka 1982.

Mwaka uliofuata, 1983, kundi la Boney M. la Ujerumani lilitoa singo ya dansi kutokana na wimbo huo na kuiita Jambo – Hakuna Matata. Kundi hilo liliundwa na mtayarishaji wa muziki aitwaye Frank Farian, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua nyimbo zilizokwisha kuimbwa na wengine, kuzitia vinanda vya umeme na mdundo wa disko, kisha kuziuza dunia nzima. Rivers of Babylon, uliowapa sifa kubwa mwaka 1978, ulikuwa wimbo wa The Melodians wa Jamaika. Malaika, walioutoa mwaka 1981, ulikuwa umekwisha kuvuma Afrika Mashariki kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya. Kufanya hivyo si wizi, maadamu jina la mtunzi limeandikwa na haki yake imelipwa.

Hata hivyo, historia ya Boney M. inatufundisha tusiamini haraka tunachokiona. Kwa miaka mingi watu walimtazama Bobby Farrell akicheza jukwaani wakadhani wanasikia sauti yake. Baadaye Farian alieleza kwamba sauti nzito ya kiume katika santuri zile ilikuwa yake mwenyewe. Wimbo wa Jambo ulipotoka, nafasi ya Farrell ilikuwa imechukuliwa na Reggie Tsiboe, mzaliwa wa Ghana. Basi tazama: mtunzi alikuwa wa pwani ya Kenya, mtayarishaji Mjerumani, na waimbaji walikuwa wazaliwa wa Karibi na Afrika Magharibi. Msikilizaji aliyekaa Kasese angewezaje kujua wimbo ni wa nani? Angejua kwa njia moja tu, nayo ni kusoma maandishi madogo yaliyozunguka tundu la santuri.

Sasa tuuangalie mwaka. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa anga wa Kenya walijaribu kuipindua serikali, na watu wengi wakafa Nairobi. Sisemi kwamba wimbo ulitungwa kwa sababu hiyo. Nasema kwamba nchi iliyokuwa ikiimbwa kuwa haina matata ilikuwa na matata yake, na biashara ya utalii ilihitaji sana wageni waambiwe maneno hayo.

Kwetu Uganda hali ilikuwa ngumu zaidi. Vita vya msituni vilikuwa vimeanza mwezi wa Februari 1981, na Luwero iliteketea. Kasese, mgodi wa shaba wa Kilembe ulisimama mwaka 1982, baada ya kuendelea kudhoofika kwa miaka kadhaa. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 ililetwa hasa kwa ajili ya shaba hiyo. Mwaka huohuo wa 1982, mwezi wa Agosti, wapiganaji wa Rwenzururu wakiongozwa na Charles Mumbere walishuka milimani na kuweka silaha chini, baada ya mgogoro ulioanza mwaka 1962. Kwa hiyo, wakati Ulaya inacheza kwamba hakuna matata, Wakonzo walikuwa wakijifunza kuishi bila vita na bila mgodi.

Mzee mmoja wa Bwera, aliyekuwa kijana wakati huo, aliniambia jambo ambalo sikulikuta katika kitabu. Alisema kwamba neno matata halikuwa geni kwao, kwa sababu Kasindi iko ng'ambo tu ya mpaka, na Wakongomani hulitumia katika Kiswahili chao na katika Kilingala. Lakini Kiswahili chenyewe walikuwa wamezoea kukisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikisemwa na askari mwenye bunduki. Katika kaseti ya wimbo huu, akasema, aliwasikia watu wakisalimiana kwa lugha ileile bila kumtisha mtu. Naona ushuhuda huo ni mzito. Singo iliyotengenezwa ili watu wa Ulaya wacheze ilikuwa imebeba, bila kukusudia, sura nyingine ya Kiswahili kwa mtu wa mpakani.

Je, mambo haya ya zamani yanatuhusu nini leo? Nenda Mpondwe siku ya soko. Katika vibanda vya kujaza nyimbo, utalipa fedha kidogo na memori kadi yako itajazwa nyimbo nyingi za Kongo, za Kampala na za Kikonzo. Nyingi hazina jina la mtunzi wala mwaka. Zimeandikwa namba tu. Wimbo wa kijana wa Bwera unaweza kuvuka mpaka ukachezwa Beni na Butembo, wala asijulikane. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye jina lake limefutwa kabla wimbo haujafika sokoni.

Kwa kuhitimisha, nashauri mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Wenye vibanda waandike jina la mwimbaji na la mtunzi kwenye kila wimbo wanaouza. Nasi wanafunzi wa historia tuwaendee wazee waliokuwa na santuri na kaseti, tuandike walichosikiliza na mwaka waliokisikiliza. Teddy Kalanda anajulikana leo kwa sababu jina lake liliandikwa. Watunzi wa Kikonzo wa miaka hiyohiyo wako wapi? Wengine bado wanaishi, na tunaweza kuwauliza.