Bati la Sugoi na bati la Likoni: paa hudumu miaka mingapi?

Kamati ya madrasa mtaani kwetu Likoni inachangisha pesa za paa jipya. Hili litakuwa la pili katika muda usiofika miaka kumi. Katika kikao cha mwisho, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Eldoret alitoa rai kwamba tununue mabati kama aliyoyaona Sugoi, kwa sababu huko kuna nyumba zilizoezekwa tangu miaka ya tisini na bati bado lina nguvu. Wengi waliitikia. Mimi nikaomba tusubiri, kwa sababu rai ile ina ukweli nusu. Mabati yale kweli yamedumu. Lakini bati hilohilo ukilishusha Likoni, halitafika hata nusu ya umri huo.

Nimesomea ujenzi hadi kiwango cha diploma, na nina ndugu anayefundisha Sugoi, kwa hivyo kila nikienda kumtembelea napata nafasi ya kulinganisha mapaa ya kule na ya kwetu. Nilichojifunza ni hiki: anayekuambia bati lake hudumu miaka thelathini bila kukuuliza unajenga wapi, hajakuambia kitu.

Sugoi kuna mawe, kwetu kuna chumvi

Sugoi iko upande wa Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu, si mbali na barabara kuu inayotoka Eldoret kwenda Webuye na Malaba. Kenya nzima inaijua kama nyumbani kwa Rais William Ruto. Ni nchi ya mahindi, ng'ombe wa maziwa na kuku. Mji wa Eldoret uko takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya eneo lile huanza kati ya Machi na Aprili ikaendelea hadi Septemba au Oktoba.

Paa la huko lina maadui watatu. Kwanza ni mvua ya mawe, ambayo hubonyeza bati jembamba na kuvunja vigae. Pili ni jua. Watu hudhani jua kali ni la Mombasa peke yake, lakini miale inayochujua rangi huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Tatu ni baridi ya usiku. Bati likipoa, mvuke wa ndani ya nyumba huganda chini yake ukawa matone, na mbao hulowa bila paa kuvuja.

Kwetu hakuna mvua ya mawe wala baridi, ila kuna chumvi. Kusi ikivuma, kuanzia takribani Aprili hadi Septemba, hubeba chembe za maji ya bahari na kuziacha juu ya bati. Chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hivyo bati hukaa na majimaji hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana mara nyingi kutu huanza penuni, upande wa chini, mahali ambapo mvua haifiki kuisafisha chumvi. Makali yake hupungua kadiri unavyoondoka ufukweni. Nyumba ya Shelly Beach na nyumba ya Mariakani zote ni za Pwani, lakini mapaa yake hayaliwi kwa kasi moja.

Mabati ya zinki

Bati la kawaida ni chuma chembamba kilichopakwa zinki pande zote mbili. Zinki hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiguswe. Kwa hivyo umri wa bati unategemea sana unene wa zinki hiyo.

Viwanda huutaja unene huo kwa herufi Z na namba. Z100 maana yake ni gramu 100 za zinki kwa kila mita mraba, ukijumlisha pande zote mbili. Kila upande hupata kama maikroni 7. Z275 hupata kama maikroni 19 kila upande. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Sasa tufanye hesabu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hugawa mazingira kwa kasi ya ulaji wa kutu. Mahali pa mashambani, mbali na chumvi na moshi wa viwanda, zinki hupungua kwa maikroni 0.1 hadi 0.7 kwa mwaka. Mahali penye chumvi ya wastani, hupungua kwa maikroni 2.1 hadi 4.2. Kwenye chumvi nyingi hufika hadi 8.4.

Chukua Z100. Katika hewa kama ya Sugoi, hata ukihesabu kasi ya juu ya 0.7, zinki inakupa miaka 10. Likoni, ukihesabu maikroni 3 kwa mwaka, inakupa miaka miwili na miezi kadhaa. Chukua Z275: Sugoi miaka 27, Likoni kama sita. Bati halitoboki siku zinki inapokwisha. Huanza kugeuka jekundu, na huchukua miaka mingine kadhaa kabla ya kuvuja, kutegemea unene wa chuma chenyewe. Lakini saa ya kuhesabu imeshaanza.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Geji ni unene wa bati, si wingi wa zinki. Namba ya geji ikipanda, bati ni jembamba zaidi: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Sugoi, geji nene inasaidia kwa sababu ya mvua ya mawe. Kwetu, geji nene yenye zinki haba ni chuma kinene kinachosubiri kutu.

Mabati ya alumini na zinki

Aina ya pili hupakwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6. Mchanganyiko huu ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1972, na leo unatengenezwa hapa kwetu. Mabati Rolling Mills wana kiwanda Mariakani, Kaunti ya Kilifi. Alama yake ni AZ, kama AZ100 au AZ150. Kwa unene uleule, kwa kawaida hudumu mara mbili hadi nne ya bati la zinki tupu. Kwa mtu wa Pwani anayetaka bati, hili ndilo la kuanza kuuliza.

Lakini lina vitu viwili ambavyo halivumilii. Moja ni saruji na chokaa mbichi. Fundi akiliziba ukutani kwa udongo wa saruji, alumini huliwa palepale panapogusana. Kwetu Pwani, ambako ukuta wa mawe na chokaa ni desturi, kosa hili ni la kila siku. La pili ni hewa ya mbolea. Sugoi, ambako ufugaji wa kuku na ng'ombe ni kazi ya wengi, amonia inayopanda kutoka kwenye banda lililofungwa hula paa kwa ndani. Bati la nyumba ya mfugaji linaweza kuwa zima huku la banda lake limetoboka, na yote yamenunuliwa siku moja. Banda linataka madirisha makubwa kabla ya bati ghali.

Mabati ya rangi na ya chembe za mawe

Rangi ya kiwandani ni ngao ya ziada juu ya zinki au AZ. Isikudanganye: rangi nzuri juu ya mpako haba ni nguo mpya juu ya mwili mgonjwa. Sugoi rangi hupauka kwa jua kabla bati halijachoka. Likoni kutu huingilia pale ilipokatwa kingo na pale palipokwaruzwa, ikatambaa chini ya rangi.

Vile vigae vya bati vyenye chembe za mawe, ambavyo wengi huviita Decra hata vikiwa vya kampuni nyingine, kwa ndani ni bati vilevile, kwa kawaida la AZ. Chembe hulinda dhidi ya jua na hupunguza kelele za mvua. Dhamana zake hufika miaka 50, lakini soma masharti yake hadi mwisho. Dhamana nyingi za mabati ya aina zote huweka umbali fulani kutoka baharini, na aliye karibu zaidi ya hapo hana dhamana.

Vigae vya udongo

Chumvi haina kazi na udongo uliochomwa vizuri. Vigae vya Mangalore, ambavyo wamishonari wa Basel walianza kuvitengeneza kiwandani India mwaka 1865, vilisafirishwa hadi Afrika Mashariki, na kwenye majumba ya zamani ya Mombasa bado utaviona. Miaka 50 ni umri wa kawaida kwake, na vingi hupita hapo. Adui yake yuko Sugoi: jiwe kubwa la mvua hukipasua. Tena paa la vigae lina uzito wa kilo 40 au zaidi kwa mita mraba, wakati bati la kawaida halifiki kilo 5. Mbao hafifu zitapinda. Na misumari na mbao mara nyingi hufa kabla ya kigae.

Makuti, nyasi na asbesto

Makuti ya viungo yaliyopangwa kwa kubanana, kwenye paa lenye mwinamo wa kama nyuzi 45, hukaa miaka 5 hadi 10. Ukipunguza mwinamo au ukitanua nafasi ili kuokoa pesa, umepunguza umri. Nyumba za jadi za Uasin Gishu ziliezekwa nyasi, na moshi wa jiko la ndani ulisaidia kufukuza wadudu na kukausha paa. Jiko likihamishwa nje, nyasi huchoka upesi.

Asbesto haiuzwi tena, maana Kenya imeipiga marufuku, lakini ingalipo kwenye nyumba za zamani za serikali na za mashirika, Mombasa na Eldoret pia. Hukaa miongo mingi. Shida ni kwamba ikizeeka au ikivunjika hutoa nyuzi zinazosababisha saratani ya mapafu. Usiikate, usiitoboe, usiisugue. NEMA ina utaratibu wa kuiondoa kwa watu wenye kibali.

Kinachoua paa kabla ya wakati wake

Mara nyingi bati si la kulaumiwa. Mambo haya yamemaliza mapaa mengi niliyoyakagua:

- Misumari ya kawaida isiyopakwa zinki. Msumari huoza, tundu linapanuka, upepo unanyanyua bati.
- Kukata bati kwa mashine ya cheche. Moto huunguza mpako, na cheche hunasa juu ya bati na kuwa vidoa vya kutu. Tumia mkasi wa bati.
- Mwinamo mdogo, maji yakatuama kwenye maungio.
- Majani ya mwembe au mkaratusi yaliyojaa kwenye mlizamu. Chini yake bati halikauki.
- Mabati kurundikwa nje yakiwa yamebanana kabla ya kuezeka. Maji yakiingia kati yake, zinki huanza kuliwa kabla paa halijapanda.

Kwa nyumba ya Pwani ongeza moja: msimu wa kiangazi, mwagia maji baridi upande wa chini wa penu kila baada ya miezi michache. Unaosha chumvi ambayo mvua haiifikii.

Maswali ya dukani

Usiulize bei kwanza. Uliza mpako: ni Z au AZ, na namba ngapi? Uliza geji, na unene kwa milimita. Tazama alama ya ubora ya KEBS na jina la kiwanda vilivyopigwa kwenye bati lenyewe. Omba dhamana kwa maandishi, na uulize inasemaje kuhusu umbali wa bahari. Muuzaji asiyejua majibu haya anakuuzia umbo la bati tu.

Kisha gawanya bei kwa miaka. Tuseme, kwa mfano tu, bati moja ni shilingi 800 na litakaa miaka 6. Jingine ni 1,300 na litakaa 18. La kwanza linakugharimu shilingi 133 kwa mwaka, la pili 72. Na lile la kwanza utamlipa fundi mara tatu, utanunua misumari mara tatu, na kama ni jengo la watu wote, utapitisha bakuli la mchango mara tatu kwa watu walewale. Aliyeko Sugoi anaweza kununua zinki ya kiasi, aweke pesa zaidi kwenye geji, na alale usingizi. Aliyeko Likoni aweke pesa zake kwenye mpako na misumari, hata kama itabidi asubiri miezi mingine mitatu kabla ya kuezeka.