Soko Kabla ya Baraza: Mazungumzo ya Upatanisho Wilayani Wajir, 1993–2001

Maandishi mengi kuhusu upatanisho wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, huanzia kwenye Azimio la Al-Fatah la Septemba 1993, wazee wa koo za Ajuran, Degodia na Ogaden walipokubaliana kanuni za kukomesha mapigano. Mwanzo huo ni rahisi kwa mtafiti, kwa kuwa azimio ni waraka na waraka huhifadhiwa. Hata hivyo, unaficha hatua iliyowawezesha wazee kuketi pamoja. Insha hii inadai kwamba mazungumzo ya Wajir yalifaulu kwa sababu yalianzia mahali ambapo wahasimu hawakuweza kuepukana, yaani sokoni, na yalianzishwa na watu ambao desturi haikuwapa nafasi barazani.

Uhasama wenyewe ulikuwa na mizizi mirefu. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991, na dola lilijulikana huko zaidi kwa bunduki kuliko kwa huduma. Mnamo Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na wanajeshi katika kiwanja cha ndege cha Wagalla. Serikali ilitaja vifo 57, ilhali manusura walitaja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliangamiza mifugo, kuporomoka kwa dola la Somalia mwaka 1991 kukafanya silaha zipatikane kwa urahisi, na uchaguzi wa 1992 ukageuza viti vya ubunge kuwa mali ya ukoo. Katika mazingira hayo, kisima na malisho vilitosha kuwasha moto.

Vita vya malishoni viliingia mjini kwa umbo la biashara. Sokoni Wajir, wanawake walikataa kuuziana na kununuliana kwa misingi ya ukoo. Aliyetoka ukoo mwingine alifukuzwa au kupigwa. Kundi dogo la wanawake wa koo mbalimbali, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, lilianza kukutana. Hawakuanza kwa kuuliza nani alimuua nani. Walianza na swali dogo zaidi: je, mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, anaweza kuja sokoni kuuza na kununua kwa usalama? Wauzaji walipokubali, iliundwa kamati ya kufuatilia makubaliano hayo na kushughulikia kila tukio kabla halijasambaa. Thamani ya swali hilo ilikuwa katika kupimika kwake. Ahadi ya amani kwa jumla haina siku ya kukaguliwa. Ahadi ya soko hukaguliwa kila asubuhi.

Ndipo walipowaendea wazee. Hapa pana jambo ambalo lingestahili utafiti mpana zaidi: uwezeshaji wa mazungumzo ya wazee haukuwekwa mikononi mwa koo kubwa wala maofisa wa serikali, bali mwa wazee wa koo ndogo ambazo hazikuwa upande wowote wa ugomvi. Udogo, ambao katika siasa za kura ni hasara, katika baraza la suluhu ukawa sifa. Mwezeshaji asiye na jeshi nyuma yake hawezi kuamuru. Anaweza tu kuuliza, kusikiliza na kurudisha maneno kwa wenyewe. Vijana, wafanyabiashara na viongozi wa dini walijumuishwa baadaye, na mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa na muundo wa maendeleo wa wilaya, zikiitwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir.

Kuingia serikalini kulileta magari, mafuta na uhalali. Hakukuleta kinga. Mnamo Oktoba 1998, washambuliaji Waborana waliwaua zaidi ya watu 100 wa Degodia huko Bagalla. Makubaliano ya Wajir yalizifunga koo zilizoyajadili. Hayakuwa na nguvu juu ya watu ambao hawakuwahi kuketi katika baraza hilo. Huu si ushahidi kwamba mazungumzo ni bure, kama baadhi ya wakosoaji walivyoharakisha kuhitimisha, bali unaonyesha mpaka wake: suluhu huishia pale orodha ya walioalikwa inapoishia.

Somo hilo lilionekana katika Azimio la Modogashe la 2001, lililovuka mipaka ya wilaya moja na kuzihusisha Wajir, Garissa na Mandera. Azimio hilo liliweka fidia ya mauaji wazi wazi, ili kisasi kisiachiwe hasira ya wafiwa: mifugo 100 kwa uhai wa mwanamume, na 50 kwa uhai wa mwanamke. Ilikuwa miaka minane tu tangu wanawake walipofungua soko la Wajir.