Kapitani Joubert na Mwanawe Abé Albert

Mara nyingi twaulizana: je, padri aingie katika mambo ya utawala, ama abaki altareni? Swali hili si jipya kwetu kando ya Ziwa Tanganika. Jamaa moja, ile ya Joubert, imetuachia majibu mawili: la baba na la mwana.

Mwaka 1883 Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, walifungua misioni ya Kibanga, karibu na Ubwari, katika nchi ambayo leo ni teritware ya Fizi. Wakati ule biashara ya watumwa iliangamiza vijiji. Mapadri waliwakomboa watumwa kwa mali, wakawapa makao. Na kwa kuwa watu wale hawakuwa na sultani wa kuwalinda, padri mwenyewe akawa kama sultani wao, akiwaamulia mashauri. Tusiwahukumu upesi. Mtu aliyetoka katika mnyororo hakuuliza kama mlinzi wake alipewa Daraja takatifu.

Lavigerie aliwaza hata ufalme wa Kikristu kando ya ziwa. Mwaka 1885 mapadri walipokea boma la Mpala, upande wa kusini, kutoka kwa watu wa Mfalme Leopold II, na mwaka 1887 akafika huko Kapitani Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa. Hakuwa padri, lakini aliilinda misioni kwa bunduki, akaoa binti wa nchi, akafia huku mwaka 1927. Bunduki zile ziliokoa wengi, hilo ni kweli. Lakini pamoja na mapatano ya mwaka 1906 kati ya Leopold na Roma, yaliyoipa misioni mashamba ili ifungue mashule, ziliwazoeza watu kuona padri na Bula Matari kama kitu kimoja. Deni hilo lililipwa na wengine.

Mwanawe Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, alipewa upadri mwaka 1935. Huyu hakurithi bunduki. Uasi wa Simba ulimkuta Fizi, pamoja na Padri Giovanni Didonè, Mxaveri kutoka Italia. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka, waliuawa Padri Luigi Carrara na mtawa Vittorio Faccin. Jioni ile ile, huko Fizi, wakauawa Padri Didonè na Abé Albert. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na cheo cha serikali. Wenye kusema kwamba padri asiyegusa siasa hukaa salama, waitazame siku hiyo.

Sheria ya Ekleziya ya mwaka 1983 yamkataza padri kushika madaraka ya serikali, nami naona ni haki: kiti hicho ni cha mlei. Lakini kukataa kiti si kunyamaza. Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu hakutafuta utawala. Alishutumu vita na kuwatetea wakimbizi, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996. Mwenye bunduki humwogopa msema kweli kuliko mwenye cheo.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Ambongo aliwatangaza Wenyeheri wale wanne wa Baraka na Fizi. Mwana wa kapitani yumo kati yao.