Redio ya Upepo na Ziara ya Daktari: Tiba ya Mbali katika Afrika Mashariki tangu 1957

Mijadala ya sasa kuhusu tiba kwa njia ya simu na intaneti huelekea kudhani kwamba daktari ameanza majuzi tu kumhudumia mgonjwa asiyemwona. Dhana hiyo haina mashiko kihistoria. Makala haya yanarejea uzoefu wa madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, na hoja yake ni kwamba redio haikuchukua nafasi ya ziara ya daktari, bali iliitegemea.

Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma iliyokuja kujulikana kama AMREF, yenye makao yake Nairobi. Mfano ulikuwapo Australia. Huko John Flynn alianzisha huduma ya ndege mjini Cloncurry mwaka 1928, na mwaka uliofuata Alfred Traeger akatengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyagwa pedeli kama za baiskeli. Funzo la Australia lilikuwa wazi: ndege bila redio haijui iende wapi.

Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa. Muuguzi wa hospitali ya misheni au mganga wa zahanati iliyo mbali na barabara alieleza kwa redio ya upepo hali ya mgonjwa: joto la mwili, mapigo ya moyo, tumbo limekazana au limelegea. Daktari aliuliza, akaulizwa, kisha ukafuata uamuzi mmoja kati ya mitatu: mgonjwa atibiwe palepale kwa dawa zilizopo, asubiri ziara ijayo ya daktari, au ndege ipelekwe mara moja. Uamuzi huo ulikuwa mzito, kwa kuwa daktari alikuwa akitumia vidole vya mtu mwingine kupapasa tumbo asilolifikia. Angejuaje kama vidole hivyo ni vya kuaminika? Kwa maoni yetu, hapa ndipo thamani ya ziara ilipojidhihirisha. Aliyewahi kufanya kazi bega kwa bega na muuguzi yule alijua kama neno lake “mahututi” ni la kawaida au la nadra.

Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyeendesha ndege yake mwenyewe na kuitwa Mama Daktari, alizuru kaskazini mwa Kenya na maeneo ya Lamu kuanzia miaka ya 1960 hadi kifo chake mwaka 1999. Alichanja watoto na kutibu wagonjwa waliomsubiri kando ya viwanja vya ndege vya vumbi. Kazi hiyo haingewezekana kwa sauti pekee. Chanjo haipiti hewani, wala kovu la moto lililokunja mkono wa mtoto halinyooshwi kwa maelekezo.

Hata hivyo, redio ilikuwa na kasoro ambayo sifa za waasisi zisiifunike. Masafa yalikuwa ya wazi; yeyote mwenye chombo aliweza kusikia. Wauguzi wa vituo vingine walijifunza kwa kusikiliza, na hiyo ilikuwa faida. Lakini maradhi ya mgonjwa yalisikika na watu ambao hakuwachagua.